Usifunue

Saa kumi na moja alfajiri, Dundee bado ina giza,
mvua inapiga dirisha kwa ubavu, kama mtu anayedai.
Nakata nyama ya muundi kwa kisu kilichochoka,
vipande vikubwa, kila kimoja na mshipa wake mweupe,
nyama ya bei ya chini, ile isiyotaka kuharakishwa.

Chungu cha umeme nilikinunua Hilltown, duka la sadaka,
pauni sita, mfuniko una ufa.
Chini yake kipande cha karatasi ya gundi, mwandiko wa kalamu:
Isobel.
Simjui. Alihama, au alihamishwa.
Kila nikikigeuza kukiosha, namsalimu.

Nakaanga kwanza. Usiniambie si lazima;
nyama isiyoonja moto mkali hutoa mchuzi wa hospitali.
Kitunguu mpaka kiwe na rangi ya chai ya rangi,
saumu, tangawizi, nyanya ya kopo,
karoti, viazi vinne, na ule mzizi mweupe
ambao Morag wa chini ameniachia mlangoni,
karoti iliyokaa mno kwenye baridi ikasahau rangi yake.
Pilipili manga. Karafuu mbili, zihesabiwe zikitoka.
Chumvi.

Nabonyeza. Taa nyekundu inafumbua jicho lake moja.

Kwetu Singida moto hauachwi peke yake.
Mama, kwenye simu, hajakubali mpaka leo:
"Masaa manane? Huyo ng'ombe amekufa kweli,
au bado mnajadiliana?"
Nikamwambia si moto, mama, ni joto tu,
joto lililokaa kitako.
Akanyamaza kidogo.
"Na nani analiangalia?"

Siku ya kwanza nilitoroka kati ya mgonjwa na mgonjwa,
sare ya kazi imelowa, nauli ya mabasi mawili,
kuja kuchungulia tu.
Nyumba haikuwa imeungua.
Ilinukia.

Kanuni imo kwenye kijitabu: usifunue.
Kila ukifunua, nusu saa inatoroka na mvuke.
Naijua. Mghenyi naye anaijua.
Yeye hurudi kutoka ghalani saa moja asubuhi, nimeshatoka;
mimi nikirudi jioni, yeye anafunga kamba za viatu.
Kitanda chetu hakipoi, ila uzito wa wawili
kimeusahau.

Basi naingia nikisoma ushahidi.
Kijiko kimelala kwenye sinki, kina mafuta.
Tone la mchuzi kwenye swichi.
Kiazi kimekatwa nusu, na nusu ya pili haionekani popote:
aliamka saa nane mchana, akafunua, akasimama hapa,
na soksi moja, namjua,
akipuliza kijiko.
Ntandu naye alipotoka shule alichovya mkate;
makombo yanamshitaki.

Ndiyo maana masaa manane huwa kumi na mawili
na nyama bado inang'ang'ania mfupa wake kidogo.
Sijawahi kugomba.
Nami, kabla sijavua koti,
nafunua.

Ngazi zote mpaka chini zinajua tunapika nini.
Morag hugonga, mkononi bakuli tupu,
anasema amekuja kurudisha bakuli letu.
Bakuli ni lake. Namjazia.

Leo basi la Mghenyi limeghairi, upepo umelala juu ya daraja,
kwa hiyo tumekaa, watatu, viti vitatu,
jambo ambalo meza hii inaliona mara chache.
Anaonja. Ananitazama.
Naonja. Namtazama.

"Ulitia chumvi?"
"Nilidhani umesahau."
"Nilitia alfajiri."

Ntandu anatazama dari.

Nasimama kwenda kuleta jagi la maji,
kubwa.